Takakia, musi ya mawe inayopungua kule Tibet: na milima yetu ya Ruwenzori nani anaipima?

Kuko mmea mmoja mdogo, urefu wake kama kucha ya kidole, unaoota juu ya mawe ya baridi kule Tibet. Jamii yake iko na umri wa miaka milioni 390. Wakati ilianza kuishi hakukuwa dinosoria, hakukuwa hata ua moja duniani, na milima ya Himalaya ambako inakaa leo ilikuwa bado kuinuka. Jina lake ni Takakia. Sasa wataalamu wa China na Ujerumani walioufuata mmea huo kwa zaidi ya miaka 10 wanasema unapungua kila mwaka, na juhudi za kuuokoa zinaenda pole kuliko joto.

Habari hiyo ilitoka mwezi wa 8 mwaka 2023 katika gazeti la sayansi linaloitwa Cell. Redio kubwa za dunia ziliitaja dakika moja hivi, kisha zikapita kwa mambo mengine. Sisi tunairudilia hapa kwa sababu moja: kwetu pia kuko mlima wenye barafu inayoisha, mawe mabichi, na majani madogo ambayo hakuna mtu anayeyahesabu.

Kwanza tusikilizane juu ya neno. Ile manyoya ya kijani inayoota juu ya mawe ya mtoni, kwenye ukuta unaolowana, pembeni ya citerne ya maji, shuleni walitufundisha inaitwa mousse. Hapa nitaandika musi. Musi haina mizizi ya kweli, haina maua, haina mbegu kama maharagi. Inakunywa maji kwa mwili wake wote. Jua ikiwaka inajikunja na kulala, mvua ikinyesha inaamka, na mama anayefua nguo mtoni anaijua vizuri kwani ndiyo inayomtelezesha. Duniani kuko aina nyingi sana za musi, maelfu na maelfu. Zile ambazo zimepimwa moja moja na kuwekwa kwenye liste nyekundu ya UICN, lile shirika la kimataifa linalotangaza viumbe gani viko hatarini, ni mia chache tu. Ndovu, sokwe, okapi, hao wote wanajulikana. Musi bado.

Takakia yenyewe ilisumbua wataalamu muda mrefu. Jina linatoka kwa Noriwo Takaki, Mjapani aliyeiokota kwenye milima ya Japani katikati ya karne iliyopita. Mwaka 1958 wenzake wawili, Hattori na Inoue, ndio walioiandika rasmi na kuipa jina hilo. Kumbe ndugu yake alikuwa ameshaandikwa zamani: Mwingereza William Mitten aliandika mmoja kutoka Himalaya mwaka 1861, lakini akaiweka kwenye jamii isiyo yake. Juu ya nini walikosea? Kwa sababu kwa zaidi ya miaka 100 hakuna mtu aliyepata kile kifuko chake kinachobeba vumbi la uzazi. Ni kama kutaka kujua mti wa matunda bila hata siku moja kuona tunda lake. Ilibidi kungoja mpaka miaka ya 1990, wakati walipata mimea yenye kifuko katika visiwa vya Aleutian, upande wa Alaska, ndipo mwaka 1993 ikaandikwa kwamba Takakia ni musi, tena musi ya zamani sana.

Leo jamii hiyo imebaki na watoto wawili tu. Wa kwanza ni Takakia ceratophylla, inayoota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Hiyo ndiyo UICN imeiandika kama « vulnérable ». Neno hilo lisikudanganye. Watu wengine wanasikia vulnérable wanafikiri ni kitu kilicho dhaifu kidogo tu, lakini kwa hesabu za UICN ni ngazi ya kwanza kati ya tatu za hatari; nyuma yake kuko « en danger », kisha « en danger critique ». Wa pili ni Takakia lepidozioides, anayepatikana Tibet, Japani, upande wa magharibi wa Kanada, Alaska, na hata kwenye mlima Kinabalu kule Borneo, kwenye joto la ikweta kama sisi, ila juu kabisa ambako ni baridi. Huyu wa pili ndiye waliyemfuata katika utafiti wa 2023.

Kazi yao haikuwa ya bureau. Toka 2010 hadi 2021 walipanda mara 18, juu ya mita 4,000, mahali ambapo mvua, theluji na jua kali vinaweza kupita siku moja. Waliongozwa na Yikun He upande wa China, pamoja na Ralf Reski wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani. Walipima joto, walipima barafu, na walihesabu musi kwenye vipande vya mawe vilevile, mwaka kwa mwaka. Hapo ndipo ningependa msomaji asimame kidogo: kwenye vipande vilevile. Kupanda mara moja na kupiga picha, hiyo ni utalii. Kurudi mahali pale pale mara 18, hiyo ndiyo inatoa jibu.

Walipata nini? Mahali pale joto lilikuwa linapanda karibu nusu digrii kila mwaka. Ni namba ya eneo dogo la mlima, si ya dunia nzima, lakini ni kubwa ya kuogopesha. Barafu ya karibu ilikuwa inarudi nyuma karibu mita 50 kila mwaka. Na Takakia ilikuwa inapunguza nafasi yake kwa karibu 1.6% kwa mwaka, haraka kuliko musi zingine walizozipima pamoja nayo.

1.6% inaonekana kidogo. Mfanyabiashara wa Butembo akiambiwa kwamba duka lake litapunguka kwa 1.6% kwa mwaka anaweza kucheka. Lakini piga hesabu: kwa miaka 10 umepoteza karibu 15%, na kwa miaka 43 umebaki na nusu. Kwa mmea uliokaa miaka milioni 390, miaka 43 ni kama mtu kupepesa jicho.

Kitu kinachonishangaza mimi katika utafiti ule hakiko hata kwenye namba za kupungua. Ni kwamba Takakia si mzembe wa kubadilika. Wataalamu walisoma jeni zake zote, zaidi ya elfu 27, wakakuta jeni nyingi zinazobadilika haraka kuliko walivyoona kwenye mimea mingine waliyoilinganisha. Sura yake ya inje haijabadilika: mabaki yake ya mawe yenye miaka milioni 165, yaliyopatikana Mongolia ya Ndani kule China, yanafanana na Takakia ya leo. Lakini ndani, jeni zilikuwa zinafanya kazi. Himalaya ilipoanza kuinuka miaka kama milioni 65 iliyopita, Takakia ilipandishwa juu pamoja nayo na ikajifunza kuishi huko. Kila mwaka inafunikwa na theluji karibu miezi 8. Theluji ikitoka inapigwa na jua la juu, lenye miale inayochoma na kuharibu seli, na inajitengeneza tena.

Yaani hii si hadithi ya mmea uliochoka. Ni mmea wenye nguvu nyingi ya kujirekebisha, ila ulizoea kupewa muda wa mamilioni ya miaka, na sasa unalombwa kufanya kazi hiyo katika maisha ya mtu mmoja. Na mawe ya juu yana mwisho. Kijiji kikipata joto, miti inaweza kupanda juu kidogo, ndege wanapanda, mbu nao wanapanda. Kile kilicho tayari kwenye kilele kitapanda wapi?

Hesabu waliyofanya kwa ajili ya siku zinazokuja inasema mahali panapofaa Takakia duniani kote panaweza kubaki kati ya kilometa mraba 1,000 na 1,500 mwishoni mwa karne hii. Kwa kulinganisha, hifadhi yetu ya Virunga peke yake iko na kilometa mraba karibu 7,800. Dunia nzima ya Takakia ingeenea ndani ya sehemu moja ya tano ya Virunga, tena imegawanyika vipande vipande toka Asia hadi Amerika.

Sasa wanafanya nini kuiokoa? Wamekamata njia ya kuizalisha ndani ya laboratwari, kisha kuipeleka na kuipanda tena kwenye mawe ya sehemu zingine za Tibet. Nyuma ya miaka 5 ya kuangalia, walisema kuko mimea iliyokubali, inaishi na kukua. Ni habari nzuri. Lakini mimi nikiisoma kama mtu wa huku, nasoma pia upande mwingine wake. Sisi tunajua kuhamishwa ni nini. Umeona watu wa Eringeti, wa Halungupa, wa Masisi, waliofikishwa kwenye kambi: wako hai, wanapika, watoto wanazaliwa, lakini hakuna anayesema kwamba shida iliyowakimbiza imeisha kwa sababu wao wamepata bâche. Kupanda Takakia mahali pengine kunanunua muda. Kile kinachoifukuza kinatoka mbali, kwenye moshi wa viwanda na magari ya nchi zenye mali, na mchungaji wa yak kule Tibet hana mkono ndani yake kama vile mlimaji wa kakao wa Mutwanga asivyo na mkono.

Ruwenzori iko namna gani

Turudi nyumbani. Mlima Ruwenzori uko kati ya Kongo na Uganda. Kilele chake, Margherita, mita 5,109, kiko mpakani kabisa. Upande wetu uko ndani ya hifadhi ya Virunga, na njia ya kupanda inaanzia Mutwanga. Wazee wa Kinande na Kikonzo wanaita theluji ya juu nzururu. Asubuhi kukiwa wazi, inaonekana toka bonde la Semuliki, nyeupe, kisha mawingu yanaifunga.

Mwaka 1906, wakati Duke wa Abruzzi, Mwitaliano, alipanda na kuandika ramani, barafu ya Ruwenzori ilikuwa karibu kilometa mraba 6.5. Mwaka 1987 ilikuwa imebaki karibu 2. Mwaka 2003 ilikuwa chini ya 1. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema kama mambo yataendelea hivi, barafu ya Ruwenzori, ya Kilimanjaro na ya mlima Kenya inaweza kuwa imeisha yote katika miaka ya 2040. Mtoto aliyeanza shule ya msingi mwaka huu atakuwa kijana wa kuoa.

Miaka kadhaa iliyopita, mbele ya usalama kuharibika zaidi upande ule, nilipanda na kikundi cha vijana hadi kibanda cha Kalonge, kesho yake hadi Mahangu. Sikuwa nimezoea mlima, miguu iliniuma mpaka nikaona aibu mbele ya mabinti waliobeba mizigo kuliko mimi. Ukitoka kwenye mianzi unaingia kati ya ile miti inayoitwa bruyère, yenye majani kama sindano, na hapo kila kitu kimevaa musi: shina, tawi, jiwe, hata mti uliokufa. Niliingiza mkono nikitafuta jiwe la kushika, ukazama karibu hadi kwenye kiwiko. Mzee aliyetuongoza alitukataza kuing'oa na kutumia kama matandiko. Alitueleza kwamba chini ya ile musi mara nyingi hakuna udongo, ni mizizi tu na nafasi ya wazi, na mtu akiitoa, mvua inayofuata inabeba kidogo kilichokuwa kimebaki juu ya jiwe. Nilifinya fungu moja mkononi. Maji yalitoka kama kwenye éponge ya kuosha sahani.

Sitaki kudanganya mtu: Takakia si ya Ruwenzori. Lakini kazi ile inayofanywa na musi juu ya mawe yetu inatugusa kwenye sahani na kwenye bidon.

Wengi wetu, na mimi nilikuwa mmoja wao, tunafikiri mito ya Ruwenzori inakunywa barafu. Kwamba barafu ikiisha, mito itakauka. Utafiti uliofanywa kwenye mto Mubuku, upande wa Uganda, ulionyesha kitu kingine: maji yanayotoka kwa barafu inayoyeyuka ni chini ya 2% ya maji ya mto. Kilichobaki ni mvua na ukungu. Na mvua ile haishuki yote siku moja kwa sababu kuko kitu kinachoishika kule juu: majimaji ya bondeni, udongo mweusi, pori, na musi.

Mtaalamu mmoja kutoka Hungaria, Tamás Pócs, aliyefundisha Tanzania, alipima jambo hilo kwenye milima ya Uluguru na kuliandika mwaka 1980. Kwenye pori fupi la juu, musi na majani madogo yanayokaa juu ya miti vilikuwa karibu tani 14 kwa hekta vikiwa vimekauka, na kwa mvua moja vinaweza kushika maji karibu litre 50,000 kwa hekta. Fikiria ndani ya bidon za litre 20: bidon 2,500, kwenye uwanja mmoja usiozidi sana uwanja wa mpira, bila pampu, bila tanki, bila ONG. Ile ilikuwa musi ya miti, ya jiwe ni nyembamba zaidi, lakini kazi ni ileile.

Kilimanjaro nako kulitoa somo. Andreas Hemp, Mjerumani aliyefanya kazi huko miaka mingi, aliona dunia nzima inalilia barafu ya Kibo, wakati moto ulikuwa unakula pori la juu pole pole. Toka miaka ya 1970, karibu kilometa mraba 150 za pori zilikuwa zimeondoka, kubwa sana kwa moto kwenye bruyère. Pori lile lilikuwa linakamata maji ya ukungu. Alipiga hesabu kwamba maji yaliyopotea hivyo yanalingana na maji ya kunywa ya mwaka mzima kwa watu milioni 1 wanaokaa Kilimanjaro. Barafu inapigwa picha. Pori na musi ndivyo vinajaza mtungi.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, habari kubwa zaidi ya Ruwenzori katika miaka hii haikuwa barafu. Ilikuwa moto wa 2012, upande wa Uganda, uliounguza sehemu za juu ambazo watu walizoea kuona kama haziwezi kuwaka, sababu zinalowana mwaka mzima. Kwenye mlima unaolowana hivyo, moto unahitaji vitu viwili: siku nyingi zisizo na mvua, na mtu mwenye kiberiti. Cha kwanza hatukiwezi sisi wa Mutwanga, Bulongo au Kasindi. Cha pili tunakiweza. Mwindaji anayewasha moto akungojee panya wa mwamba, mchomaji wa makala anayeacha tanuru bila kulizima vizuri, mtalii au mbeba mizigo anayetupa kipande cha sigara kwenye bruyère iliyokauka: hao wako karibu kuliko viwanda vya ng'ambo.

Watu wanachinjwa, wewe unaandika musi?

Najua swali hilo litakuja, na ni la haki. Sekta ya Ruwenzori katika eneo la Beni imeona mauaji ya ADF miaka hii, mashamba ya kakao yameachwa, familia nzima zimehama. Nimeandika juu ya hayo kwenye ukurasa huu huu na nitaandika tena. Mtu aliyezika ndugu yake hana nafasi ya kusikia juu ya majani ya mawe, na sitamlazimisha.

Lakini usalama mdogo na musi si mambo mawili yaliyo mbali. Njia ya Kalonge ikifungwa sababu ya watu wenye silaha, hakuna kikundi kinachopanda, hakuna mbeba mizigo anayelipwa, na hakuna anayeona juu kumetokea nini. Mlima unabaki bila macho. Na watu waliofukuzwa kwenye mashamba ya bonde wakikosa pa kulima, wengine wanasogea juu, kwenye miteremko, na moto wa kulima unasogea nao. Kisha kuko umeme. Toka 2013 Mutwanga iko na kituo cha umeme kinachozungushwa na maji yanayotoka Ruwenzori. Visaga, saluni na vijiwe vya kuchaji telefone vimejengwa juu ya umeme wa namna hiyo. Mto unaofurika siku mbili kisha unabaki mwembamba wiki tatu hauzungushi mashine vizuri. Mtu wa saluni hajui neno musi, lakini anajua siku ambayo umeme umekatika.

Sheria tuko nayo. Ile nambari 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014 juu ya uhifadhi wa asili inahusu mimea kama inavyohusu wanyama. Mipango mikubwa tuko nayo pia: mwezi wa 1 mwaka 2025 serikali ilitangaza ile Couloir Vert toka Kivu hadi Kinshasa, kilometa mraba 540,000 kwenye ramani. Mimi si adui wa ramani kubwa. Ila ninaangalia Takakia, ninaona kwamba kilichofanya dunia ijue hali yake hakikuwa ramani. Kilikuwa kamba ndogo iliyozunguka kipande cha jiwe, na mtu aliyerudi kukiangalia.

Kwetu wataalamu wa musi walipita. Mwaka 1991 msafara wa Wajerumani ulioitwa BRYOTROP ulifanya kazi Zaire na Rwanda, ukapanda hadi mlima Kahuzi, ukakusanya na kuandika musi kwa urefu wa mlima, toka chini hadi juu. Kwa hiyo kuko mahali pa kuanzia. Tangu siku ile tumepita vita ngapi? Kurudi kwenye miteremko ile ile na kulinganisha, hiyo ndiyo kazi ambayo ingetuambia kama musi zetu zinapanda, zinashuka au zinakauka. Lwiro, upande wa Sud-Kivu, kuko kituo cha utafiti toka 1947. Yangambi kuko mimea iliyokaushwa na kutunzwa toka wakati wa Wabeleji. Vijana wanaomaliza biolojia na kilimo katika miji yetu wanatafuta kila mwaka mada ya kuandika mémoire, na wengi wanarudilia mada zile zile za mihogo na maharagi zilizoandikwa na wakubwa wao. Sisemi mihogo ni mbaya. Nasema jiwe moja karibu na Kalonge, misumari minne, kamba, na telefone yenye kamera, tarehe ileile kila mwaka, ni utafiti ambao hauhitaji laboratwari ya Freiburg. Walinzi wa hifadhi na waongozaji wa Mutwanga wanaweza kuufanya wakiwa kwenye kazi yao ya kila siku, kama mtu atawaonyesha mara moja namna ya kupiga picha toka pembe ileile.

Na kwa yule anayekaa mbali na Ruwenzori, kwa mfano Goma, mambo haya anaweza kuyaona bila kupanda. Angalia mawe ya volkano ya 2002 yaliyobaki katikati ya mitaa. Miaka ya kwanza yalikuwa meusi kabisa. Leo mengi yana rangi ya majivu, ni ile lichen inayoitwa Stereocaulon inayotangulia, na kwenye nyufa zenye unyevu musi na majani mengine yanafuata, yanashika vumbi, yanatengeneza kijiko cha kwanza cha udongo. Kisha linganisha na mawe ya 2021 upande wa Buhene. Tofauti unayoiona hapo ni miaka 19 ya kazi. Mtu anayevunja mawe ya kujenga anaiondoa kwa nyundo dakika moja, na hatumlaumu, anatafuta unga wa watoto. Ila ajue kwamba kile kilichokuwa juu ya jiwe hakirudi kesho.

Tuna ombi kwa wasomaji wetu. Kama wewe, au papa, au tate wako, mko na picha za zamani za Ruwenzori, za vibanda vya Kalonge, Mahangu au Kyondo, za mito ya Mutwanga, hata picha za scout au za wamisionari, zileteni redioni tuzipige kopi na kuwarudishia siku ileile. Nyuma ya picha andika mwaka na mahali. Kama mwaka umesahauliwa, andika nani alikuwa amezaliwa au nani alikuwa chifu wakati ule, tutapiga hesabu pamoja. Picha ambayo jiwe lenye musi linaonekana karibu, hata kama sura ya mjomba imekatwa nusu, ndiyo tunaitafuta zaidi.